Muulize Mjomba: Theluji ya saa 2 asubuhi siyo theluji ya saa 7 mchana

Mwezi huu maswali yamekuwa ya milima matupu, sijui ni Pasaka inakaribia watu wanapanga safari au ni hizi mvua zilizoanza. Sisi wa Tanga tunajifanya watu wa bahari lakini geuza shingo tu Usambara hiyo hapo. Naanza na la mama wa Ngamiani, hilo litachukua nafasi kubwa na wengine mtanivumilia.

*

"Asalam aleikum kaka. Mimi ni mama wa hapa Ngamiani, kijana wangu anasoma Austria, mji unaitwa Innsbruck. Kaniambia likizo ya Pasaka wenzake wanampeleka milimani, wanapanda kwa miguu na zile mbao za skii halafu wanashuka nazo wakiteleza. Nikamwambia mwanangu mimi nasikia redioni watu wanafukiwa na theluji huko, akacheka akasema mama hiyo ni mambo ya Januari, sasa baridi imeisha, jua linawaka, theluji inayeyuka yenyewe, hakuna hatari tena. Nimenyamaza ila moyo haujatulia. Ni kweli au ananituliza tu?"

Waaleikum salaam dada. Hajakudanganya kwa makusudi, ila ameshika nusu ya habari na hiyo nusu aliyoiacha ndo yenye kuua. Jua linalomfurahisha yeye ndo hilo hilo linaloiachia theluji.

Iko hivi. Theluji ya mlimani haikai donge moja, inaanguka leo, inaanguka wiki ijayo, upepo unaihamisha, kwa hiyo ni tabaka juu ya tabaka, kama chapati zilizopangwa kwenye hotpoti, nyingine zimeshikana vizuri na nyingine kati yake kuna unga mkavu zinateleza ukizigusa. Wakati wa baridi kali hatari inaletwa na theluji mpya nyingi au upepo kuirundika upande mmoja, ule mzigo ukizidi tabaka dhaifu la chini linakatika na eneo zima linaondoka. Sasa ikifika Machi, Aprili, mpaka Mei kule juu, anaingia adui mwingine, maji. Jua linayeyusha juu, maji yanapenya kwenda chini, yanafika kwenye tabaka gumu au dhaifu yanasimama hapo, na vile vipande vya barafu vilivyokuwa vimeshikana vinaachiana. Hapo mlima wote umelowa na unasubiri tu, na safari hii hausubiri hata mtu aukanyage.

Ila usiku mambo yanageuka. Usiku ukiwa mweupe, hakuna mawingu, theluji inapoteza joto lake kwenda angani na juu panaganda tena pagumu, hata kama hewa yenyewe iko juu kidogo ya sifuri. Asubuhi mtu anatembea juu yake kama anatembea barabarani, hazami. Jua likipanda lile ganda linalainika kidogo kidogo, kwanza sentimita chache za juu, na hapo ndo raha yao watu wa skii, wanaipenda kweli hiyo saa. Baada ya hapo linalainika mpaka ndani, miguu inazama mpaka kwenye kifundo, mpaka ugoko, na raha imekwisha, mtu alitakiwa awe ameshashuka zamani. Usiku ukiwa wa mawingu au mvua, joto halitoki, theluji haigandi, na hiyo siku hatari inaanza tangu asubuhi hata kama jua halionekani kabisa.

Kwa hiyo dada, ukimpigia usimuulize kama leo kuna jua. Muulize usiku ulikuwaje. Akikwambia ulikuwa na nyota tele na asubuhi theluji ilikuwa ngumu kama saruji, muulize mnaanza saa ngapi. Wanaojua kazi yao msimu huu wanatoka saa 10 au saa 11 alfajiri na tochi kichwani, na kabla ya saa 6 mchana wako chini wanakunywa kahawa. Akikwambia wanaamka saa 3, wanapata chai vizuri, wanaanza kupanda saa 5, hapo ndo uwe mkali.

Halafu jua halichomi kila upande saa moja. Miteremko inayotazama mashariki inaanza kulainika kwanza, inafuata ya kusini, halafu ya magharibi mchana na jioni. Ya kaskazini inachelewa sana, na hiyo ina mtego wake, maana inatunza tabaka dhaifu za majira ya baridi mpaka siku joto la kwanza la maana au mvua ya kwanza itakapoifikia. Kwa hiyo mtu anaweza kupita mashariki salama alfajiri, akarudi njia ile ile saa 5 akakuta siyo mahali pale pale tena.

Na mteremko wenyewe. Maporomoko mengi ya theluji yanaanzia kwenye mwinuko wa nyuzi 30 hadi 45. Chini ya hapo theluji inakaa kwa kawaida, juu sana ya hapo inamwagika mapema haipati muda wa kurundikana. Simu inaweza kupima nyuzi, ramani zao zina rangi kabisa za kuonyesha. Ila watu wanasahau jambo moja, unaweza kuwa umesimama pa tambarare unakula mkate wako na mteremko wenye nyuzi 38 uko juu ya kichwa chako. Katika ajali zinazoua watu wa skii, karibu 9 kati ya 10 poromoko linakuwa limeanzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake kwenye kundi, ila ikishafika theluji iliyolowa ya mchana mengi yanajiangukia yenyewe, kwa hiyo kukaa chini yake ni hatari sawa na kuwa juu yake. Kupumzika wapumzike kwenye mgongo wa kilima.

Dalili zipo na zinaonekana kwa macho. Vidonge vya theluji vinavyojiviringisha vyenyewe kutoka kwenye miamba na miti, vikikua vikubwa ni mlima unakwambia ondoka. Maporomoko madogo madogo upande wa pili wa bonde unaoelekea jua kama wa kwako. Sauti ya "vuump" chini ya miguu, hiyo ni tabaka limekaa vibaya limeporomoka ndani. Na nyufa pana kwenye miteremko ya majani, wenyewe Wajerumani wanaziita midomo ya samaki, pale theluji nzima inateleza juu ya nyasi polepole na siku moja inaachia, na hiyo haina saa, inaachia hata usiku wa manane, kwa hiyo chini ya mdomo wa samaki hapapitwi wala hapasimamwi. Kuna na yale mabati ya theluji yanayoning'inia kwenye kingo za vilele, upepo umeyajenga, joto likiyashika yanakatika na yanavunjika nyuma zaidi ya pale unapodhani.

Bahati nzuri kijana wako yuko sehemu ambayo habari ziko wazi mno. Mkoa wa Tirol, ambao Innsbruck ndo makao yake, unatoa taarifa ya maporomoko kila siku kipindi cha theluji, inatoka saa 11 jioni kwa ajili ya kesho, ipo lawinen.report, bure kabisa. Wana madaraja 5 Ulaya nzima, la 1 ni hatari ndogo, la 5 ni balaa. Na wakati huu wa machipuko utakuta siku moja ina madaraja mawili, asubuhi la 1 au la 2, mchana la 3. Ukiona hivyo huhitaji maelezo ya Mjomba, wamekuandikia saa ya kurudi nyumbani. Na asije akakwambia "la 3 ni katikati tu mama, kama wastani". Vifo vingi vinatokea siku za daraja la 3 kuliko hata la 4, kwa sababu la 4 watu wanabaki nyumbani, la 3 linadanganya.

Vifaa vitatu, na kila mtu kwenye kundi awe navyo vyote: kile kidude cha redio kinachovaliwa mwilini, transiva, kinatuma mawimbi ya kilohezi 457 na kingine kinayapokea, fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji kumtafuta mtu, na sepetu. Ukiwa na transiva bila sepetu umejua tu mwenzio kafukiwa wapi. Kwa nini vitu hivi na siyo kusubiri helikopta, ni kwa sababu ya dakika. Miaka mingi ilikuwa inasemwa aliyefukiwa akitolewa ndani ya robo saa ana nafasi kama 9 kati ya 10 ya kuwa hai, utafiti wa karibuni wa ajali za Uswisi umeishusha hiyo mpaka kama dakika 10, baada ya hapo nafasi inaanguka vibaya kwa sababu ya kukosa hewa. Helikopta hata ikija haraka bado dakika 10 zimepita. Anayekuokoa ni mwenzio aliye hapo. Na theluji iliyolowa ikishasimama inakaza papo hapo, huwezi kusogeza hata kidole, siyo ile ya picha ya unga mweupe.

Wakivuka sehemu ya mashaka wavuke mmoja mmoja, wengine wanatazama. Akikamatwa ajitahidi kubaki juu, aachane na fimbo za skii, na theluji ikianza kupunguza mwendo aweke mikono mbele ya uso apate nafasi ya kupumua. Namba awe nazo kwenye simu kabla hajatoka: Austria uokoaji wa milimani ni 140, na 112 inafanya kazi Ulaya yote.

Dada simwambii asiende. Kijana wa Tanga kuona Alps wakati huu ni jambo zuri sana. Ila aende na mtu mwenye mafunzo, siyo "wenzangu wamezoea", kuzoea hakumzuii mtu kufukiwa. Innsbruck kozi za siku moja mbili zipo, aulize chuoni kwake.

*

"Mjomba shikamoo, niko Makorora. Niliona video mtu anapiga kelele mlimani theluji ikashuka yote. Hivi kweli sauti inaangusha theluji?"

Marahaba. Hapana. Sauti ya mtu ni ndogo mno, hata ukipiga yowe la msibani. Inahitaji uzito, mtu, mnyama, theluji mpya, kipande kilichoanguka, au baruti, na kweli huko vituo vya skii wanalipua makusudi asubuhi kabla hawajafungua ili ishuke watu wakiwa hawapo. Hiyo video ni sinema.

*

"Mjomba habari za kazi. Mimi dereva wa Noah, Mombo kwenda Lushoto. Hiyo theluji sisi haituhusu, sisi shida yetu masika. Abiria wanataka kuwahi, tajiri anataka hesabu, na mlima unamwaga udongo. Tutajuaje leo hapapitiki kabla hatujafika katikati?"

Salama kaka. Haikuhusu kwa jina tu, we soma vizuri nilivyomjibu huyo mama utaona ni habari yako. Mlima wenye mwinuko mkali, maji yanapenya yanafika kwenye tabaka lisilopitisha, linaachia. Tofauti ni kwamba wenzetu usiku unawagandishia wanapata asubuhi ya salama, sisi usiku hautugandishii chochote, udongo unazidi kulowa tu. Kwa hiyo swali lako lisiwe mvua inanyesha sasa hivi au hapana. Swali ni imenyesha siku ngapi mfululizo. Udongo uliokwisha kushiba maji unaweza kushuka jua linawaka kabisa, watu wamevaa miwani, kwa sababu maji bado yanatembea ndani. Madereva wengi wanaona kumekucha mweupe wanakanyaga mafuta, na mimi nasema siku ya kwanza ya jua baada ya mvua za wiki ndo siku ya kuendesha kwa adabu.

Ile barabara yenu kama kilomita 33 kutoka Mombo imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo na mawe, upande wa pili bonde, kona juu ya kona mpaka Soni. Penye mlima uliokatwa na barabara ndo pa kuogopa, na penye mkondo wa maji unaovuka barabara. Angalia hivi: nyufa mpya kwenye lami au pembeni yake, nguzo ya umeme au mti uliokuwa umenyooka sasa umeinama, maji ya chemchemi yaliyokuwa safi yamegeuka ya tope, vijiwe vinavyodondoka kidogo kidogo barabarani. Na ukiona kijito kilichojaa kimekauka ghafla mvua ikiwa bado, usishukuru, juu huko kimezibwa na udongo na kikifunguka kinakuja na kila kitu. Rudisha gari.

Kama umekuta poromoko limekata barabara, usipange foleni chini ya ukuta ule ule, maana la pili linafuata mara nyingi. Rudi nyuma mpaka sehemu wazi, washusheni watu wakae mbali, hapo ndo mpige simu, 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji. Kutuma vijana wakachimbue njia kwa mikono huku udongo bado unalia juu ndo jambo linalonikera kuliko yote, na tunalifanya kila masika. Maji yanayovuka barabara usiyajaribu, kama sentimita 30 zinatosha kuliyumbisha na kuliinua gari dogo, 60 zinabeba magari mengi, na Noah yako siyo meli. Usiku wa mvua usipande, huoni ukuta wala nyufa.

TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa utabiri wa siku 5 wenye rangi, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Tanga ikipakwa chungwa au nyekundu ongea na tajiri wako mapema, jioni ile, siyo asubuhi abiria wameshakaa. Akikubishia mkumbushe Katesh, Desemba 3, 2023, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang' asubuhi baada ya mvua kubwa na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Na majirani zetu hapo Same, milima ya Upare, Novemba 2009, familia zilifukiwa ndani ya nyumba zao. Milima ya Upare na Usambara ni ndugu.

*

"Shikamoo Mjomba. Tuko kikundi cha kazini hapa mjini tunataka kupanda Kilimanjaro mwaka huu, mtu mmoja katuambia kuna njia inaitwa Western Breach inafika juu haraka na haina watu. Kuna theluji ya kutufukia?"

Marahaba wajukuu. Ya kuwafukia kama huko Austria, hapana. Ila hiyo njia shida yake ni mawe. Mawe yameshikwa na barafu, jua likipiga barafu inaachia, yanashuka. Januari 2006 wapandaji 3 kutoka Marekani walifariki hapo kwa mawe, njia ikafungwa, baadaye ikafunguliwa tena. Wanaoipita wanaondoka usiku baridi ikiwa imekamata kila kitu, wana helmeti, na wanataka wawe wamemaliza sehemu mbaya kabla jua halijafika. Mnaona sasa, ni saa tena.

Kwa mara ya kwanza chukueni Lemosho au Machame, siku 7 au 8, msiende kwa siku 5 kwa kubana hela, kwenye mita 5,895 kinachowarudisha watu wengi ni kupanda haraka kuliko mwili unavyozoea, na kichwa kikianza kuuma sana na kutapika kunaanza, dawa ni kushuka. Aprili na Mei acheni, mvua. Juni mwishoni mpaka Oktoba, au Januari na Februari.

*

"Mjomba, sisi ni wazazi wa watoto wa Jumapili, tunataka kuwapeleka msitu wa Magoroto wiki ya Pasaka. Tuahirishe?"

Angalieni wiki nzima iliyotangulia, siyo siku yenyewe. Kama kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi Muheza imenyesha kila siku, ahirisheni, msitu hauhami, na ile barabara ya kupanda ni ya udongo. Kama pamekauka siku tatu nne nendeni, ila gari liwe la kupanda mlima kweli siyo kosta ya kukodi yenye tairi zilizoisha, pigeni simu kule juu asubuhi hiyo hiyo muulize njia ikoje, muwe mmeondoka mapema na muanze kushuka kabla ya saa 9, mvua za mchana huko zinapenda kuanza muda huo. Mtu mmoja mwenye kauli awekwe wa kuamua kurudi, na asiwe yule aliyelipia chakula.